Je, Wajua? Kineno "Up" Hakina Jana Wala Kesho

Je, wajua kwamba Kilugbara kina herufi moja ya mbele inayofanya kazi ambayo Kiingereza huliachia neno zima? Kwa msemaji wa Ayivu, lahaja ya mji wa Arua, Uganda, na vijiji vinavyouzunguka, *mu* ni kwenda na *emu* ni kuja. *Ji* ni kupeleka, *eji* ni kuleta. Hiyo *e-* hulivuta tendo lielekee kwa msemaji. Kwa hiyo mtoto wa Ayivu anayekutana na "take away" na "bring back" darasani si mgeni wa jambo lenyewe. Kwamba kitenzi kinaweza kuongezewa kitu kidogo kikabadili mwelekeo, hilo amelinyonya na maziwa ya mama.

Je, wajua kwamba Kiswahili kazi ya aina hiyo hukiachia kitenzi kiifanye mwishoni? Funga na fungua, vaa na vua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Mwingereza kwa kuvaa anasema "put on", kwa kuvua "take off". Sisi tumebadili sauti moja tu, maana imegeuka.

Kilugbara kinaongeza mbele, Kiswahili kinaongeza nyuma, Kiingereza kinaweka nje kabisa, kwa neno linalosimama peke yake: up, off, out, on, back, down. Kitenzi na kineno hicho, vikishikana vikazaa maana mpya, ndivyo Waingereza wanavyoviita "phrasal verb". Hapa tukiite kitenzi cha maneno mawili.

Na kwa kuwa kineno kiko nje, wakati haukigusi. Give up, gave up, given up, giving up, to give up. Kinachohangaika ni "give". "Up" iko palepale, leo, jana na mwaka kesho. Laiti jambo hili lingefundishwa kwa uwazi katika kila darasa la Arua na Koboko, makosa mengi ya uandishi yangekufa kabla mtoto hajafika darasa la saba.

Je, wajua kosa lenyewe linafananaje? Chukua sentensi hii, ya aina inayojaa katika madaftari: "Candiru wanted to gave up, but her aunt told her to went back to school, and she did not gave up again." Makosa ni matatu na chanzo chake ni kimoja. "Wanted" imekwisha kusema kwamba ni jana. Baada ya "to", kitenzi kinarudi katika umbo lake la asili: "wanted to give up". "Told" nayo imekwisha kusema: "told her to go back". "Did" vilevile: "did not give up". Katika kila mnyororo wa vitenzi, wakati uliopita unabebwa mara moja tu, na anayeubeba ni yule wa kwanza.

Kiswahili kinafanya hivyohivyo. Tunasema "alitaka kukata tamaa". Ile *-li-* inatokea mara moja, kisha *ku-* inashika zamu. Hakuna mtu, awe wa Unguja au wa soko la Ariwara huko Kongo, anayesema "alitaka alikata tamaa" akiwa na maana hiyo. Ndiyo maana naamini kosa la "to gave up" halitokani na lugha ya nyumbani. Linatokana na namna mtoto alivyokariri: "gave up" imeingia kichwani kama donge moja, katika hadithi fulani ya kitabuni, na kila anapohitaji kusema kukata tamaa analitoa donge zima. Akifundishwa tangu mwanzo kwamba donge lina vipande viwili, kimoja hubadilika na kingine hakibadiliki, atalivunja mwenyewe.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina haki ya kisheria kuingia katika somo hilo? Agosti 1973 Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Mabadiliko ya katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. West Nile, eneo letu la Arua na Koboko, haikungoja matamko hayo. Vijana wa huku waliingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kwa wingi na kurudi na Kiswahili cha kambini, na biashara ya mpakani na Kongo imekiweka hai mpaka leo. Mwalimu wa Koboko aliye na darasa la mchanganyiko anaweza kuandika ubaoni "alitaka ku-" juu ya "wanted to", na nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Je, wajua kwamba Kilugbara huonyesha kama jambo limetimia au bado kwa kuhamisha maneno? Jambo likitimia, mpangilio ni kama wetu: mimi, kula, nyama. Likiwa linaendelea au halijatimia, nyama inatangulia: mimi, nyama, kula. Tabia hii ni ya kundi zima la lugha za Moru-Madi, tawi la Sudani ya Kati, na Kimadi cha Moyo na Adjumani kinayo pia. Padri J. P. Crazzolara, mmisionari wa Komboni, alichapisha sarufi nene ya Kilugbara mwaka 1960, na Mairi Blackings na Nigel Fabb wakatoa ya Kimadi mwaka 2003. Ukizisoma hizo unaelewa ugumu wa mtoto wa Ayivu ulipo. Lugha yake humwambia wakati kwa mahali neno lilipokaa. Kiingereza kinamwambia kwa sura ya neno lenyewe: give ikawa gave, take ikawa took, na mahali pa neno hapakubadilika. Anatafuta ishara mahali ambapo haipo. Hilo halina uhusiano wowote na uvivu wala ujinga, na mwalimu anayelijua hatamwita mtoto mjinga.

Ukivuka kwenda Koboko, mfano huo wa nyama utakuangusha. Kikakwa, lugha ya huko, si ndugu wa karibu wa Kilugbara. Ni lugha ya Kiniloti, ya kundi la Kibari, jamaa wa Kikuku na Kipojulu wa Sudan Kusini. Arua na Koboko ziko jirani na watu wameoana miaka mingi, lakini ukoo wa lugha zao ni mbalimbali. Walimu wanaohamishwa kutoka shule za Ayivu kwenda Koboko wabebe mfano wa *ku-* ya Kiswahili, huo utapokelewa.

Je, wajua kwamba "to found" ipo, ila si ile unayoitaka? Kujua au kugundua jambo ni "find out", jana yake "found out". Mtoto akiandika "He wanted to found out the truth", ameazima bila kujua kitenzi kingine chenye maana ya kuasisi, kile cha kuasisi shule au chama. Sahihi: "He wanted to find out."

Na je, wajua mtego wa kulala? "Lie down" ni kulala chini au kujinyoosha. Jana yake ni "lay down". Lakini "lay down" yenyewe ni kitenzi kingine cha leo, kuweka kitu chini, na jana yake ni "laid down". Umbo moja, kazi mbili, nyakati mbili. Mgonjwa: "He wanted to lie down, so he lay down." Askari: "They agreed to lay down their guns, and they laid them down." Waingereza wenyewe hulikosea hili kila siku, kwa hiyo usione haya kurudi kwenye kamusi.

Kuna vitenzi vinavyomsamehe mwanafunzi: put, set, cut, shut. Leo na jana sura moja. Katika "They put off the meeting" na "They wanted to put off the meeting", "put" haitofautiani hata herufi. Ila angalia nafsi ya tatu: "He puts off" ni mazoea ya leo, "He put off" ni jana. Hiyo *s* peke yake ndiyo shahidi.

Je, wajua ni vitenzi vingapi unavyohitaji hasa? Wataalamu wawili wa Marekani, Dee Gardner na Mark Davies, walipekua hazina ya maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza na mwaka 2007 wakachapisha walichokiona. Vitenzi 20 tu, vikiungana na vineno 8, vilitoa zaidi ya nusu ya vitenzi vyote vya maneno mawili katika hazina hiyo. Na kwa wastani msomaji hukutana na kimoja katika kila maneno 150 hivi. Hii ni habari njema kwa shule isiyo na maktaba. Orodha ya vitenzi 20 inatosha karatasi moja ukutani. Habari ngumu ni kwamba wengi wa hao ishirini ni wakaidi wa jana: go, come, take, get, bring, find, give, break, hold. Hakuna *-ed* hapo. Ndiyo maana kosa letu hujitokeza zaidi katika vitenzi vya maneno mawili kuliko kwingine: vinavyotumika mno ndivyo vinavyobadilika vibaya mno.

Je, wajua kwamba malalamiko juu ya ugumu huu ni ya zamani? Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, alitaja vitenzi hivi kuwa ndivyo vinavyowatesa wageni zaidi, akaeleza kwamba amejitahidi kuvikusanya. Jina lenyewe "phrasal verb" ni changa zaidi. Lilisambazwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha 1925, naye alisema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Kwa hiyo kitabu hicho kilichapishwa miaka kumi na moja baada ya Uganda kukabidhiwa West Nile kutoka Sudan mwaka 1914, na kabla ya Sudan eneo lilikuwa sehemu ya Lado ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kama mipaka ingechorwa vingine, watoto wa Ayivu wangekuwa wanahangaika na Kifaransa.

Na wapo wanaohangaika nacho, umbali wa mwendo mfupi. Je, wajua kwamba wilaya ya Koboko ina mahali panapoitwa Salia Musala, ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana? Pale, hatua chache zinakutoa kwenye shule za Kiingereza hadi za Kifaransa. Kifaransa ni "monter, descendre, entrer, sortir". Kiswahili ni panda, shuka, ingia, toka. Kila mwelekeo na kitenzi chake. Kiingereza cha kila siku hakina haja ya vitenzi vinne: "go" inatosha, kisha up, down, in, out. Mtaalamu wa lugha Leonard Talmy ndiye aliyezipanga lugha za dunia kwa mtindo huo, zile zinazotia mwelekeo ndani ya kitenzi na zile zinazouweka pembeni. Mtoto mkimbizi aliyeanza shule Kongo kwa Kifaransa, kisha akaletwa makazi ya Lobule, Koboko, ataelekea kusema "ascend" na "exit" na "enter", maneno makubwa, kwa sababu hayo ndiyo yanayofanana na yale aliyoyazoea. Atasikika kama anasoma tangazo la serikali. Asichekwe. Aelekezwe kwenye "go up" na "go out" taratibu, na jana yake itakuwa moja tu ya kukariri: "went".

Je, wajua kwamba mtoto wa kijijini Ayivu ana miaka michache sana ya kuyajua haya? Mtaala wa mada ulioanza mwaka 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, hapa Kilugbara. Darasa la nne ni la mpito. Kuanzia la tano, masomo ni kwa Kiingereza. Mwisho wa la saba kuna PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi unaotungwa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Hesabu mwenyewe. Mtoto wa mjini katika shule ya Kiingereza tangu chekechea na mtoto wa Ayivu kijijini wanakalia karatasi moja, siku moja. Mimi siupingi mtaala wa lugha ya mama hata chembe. Mtoto husoma haraka katika lugha anayoielewa, na Kilugbara kilikwisha kupendekezwa kwa shule tangu Tume ya Castle ya 1963. Ninachotaka ni kwamba ile miaka michache ya Kiingereza isipotee kwa kukariri madonge.

Karatasi ya Kiingereza ya PLE inapenda aina mbili za maswali yanayotuhusu. Moja: mtahiniwa anapewa kitenzi katika mabano, akiweke katika umbo sahihi. Akiona "to" au "did" kabla ya nafasi, asiguse kitu: umbo la asili. Akiona "yesterday" na hakuna kitenzi kingine mbele, hapo ndipo jana inapoingia. Ya pili: kuandika neno moja badala ya kundi la maneno, ambapo "put off" huwa "postpone", "call off" huwa "cancel", "put up with" huwa "tolerate". Hapa wakati unahamia kwenye neno jipya. "They put off the match" ni "They postponed the match", na *-ed* lazima, ingawa "put" haikuwa nayo. "They decided to put off the match" ni "They decided to postpone the match", bila *-ed*. Alama nyingi zinapotea hapo, na kwa mwalimu ni somo la dakika ishirini.

Je, wajua kwamba Waganda tumejiundia desturi zetu katika vineno hivi? Bernard Sabiiti alitoa kamusi ndogo ya Kiingereza cha Uganda mwaka 2014, na mwaka 2016 Christiane Meierkord, Bebwa Isingoma na Saudah Namyalo wakahariri kitabu kizima cha utafiti juu yake. Mtu wa bodaboda Arua atakuambia kwa simu "I will pick you from the stage". London ni "pick you up". Simu isipopokelewa, huku ni "He did not pick", kule ni "He did not pick up". Sisi tumeangusha "up". Kisha tunaichukua "up" hiyo na kuitia pasipo na haja: "cope up with", wakati wenyewe ni "cope with". Tunaongeza "for" katika "request for" na "demand for" hata pale zinapotumika kama vitenzi.

Msimamo wangu juu ya hili hauna kigugumizi. Barabarani, sokoni, kwenye kikao cha ukoo, "pick you from the stage" ni Kiingereza cha watu wanaoelewana vizuri, na hakina dosari. Katika karatasi ya UNEB, barua ya kuomba kazi au fomu ya chuo cha nje, andika "pick up". Kinachosikitisha ni mtoto kukatwa alama kwa kitu ambacho hakuna aliyemwambia kwamba ni desturi ya nyumbani.

Na "pick up" hiyo ikikutana na kiwakilishi kama "him", kiwakilishi kinakaa katikati. "Pick up the child" sawa, "pick the child up" sawa, "pick him up" sawa, "pick up him" hapana. Na hili halibadiliki baada ya jana wala baada ya "to": "She picked him up", "She wanted to pick him up". Lakini "look after" haikubali kupasuliwa: "She had to look after him". Hakuna kanuni fupi ya kutenganisha makundi haya mawili inayofaa kila mahali. Kwa mtoto wa msingi, njia nzuri ni kukariri kila kimoja kikiwa na "it" yake: pick it up, turn it off, fill it in, look after it, get on it.

Je, wajua kwamba "to" ziko mbili na zinafanana kama pacha? Ya kwanza ni ya kitenzi, sawa na *ku-* yetu: "I hope to go back". Ya pili ni kihusishi, sehemu ya kitenzi chenyewe: "look forward to". Baada ya hii ya pili kitenzi huvaa *-ing*. Barua ngapi zimetoka Arua kwenda ofisi za mashirika zikiishia na "I look forward to hear from you"? Ni "to hearing". Njia ya kuzitofautisha: weka "it" baada ya "to". "I look forward to it" inakubali, kwa hiyo *-ing*. "I hope to it" inakataa, kwa hiyo umbo la asili.

Pacha hao hukutana katika "used to". "I used to wake up at five" ni mazoea ya zamani yaliyokwisha. "I got used to waking up at five" ni kuzoea. Anayesafiri kwa basi la alfajiri kwenda Kampala atahitaji sentensi ya pili.

Basi hilohilo litufundishe "stop". "The driver stopped to pick up passengers": dereva alisimama ili apakie abiria. "The driver stopped picking up passengers": dereva aliacha kupakia, hataki tena. Kiswahili hakiwezi kuchanganya hayo mawili, maana kusimama na kuacha ni vitenzi tofauti. Kiingereza kinavitenganisha kwa umbo la kitenzi kinachofuata peke yake. Na likiharibika njiani, huko Karuma: "The bus broke down and we had to get off." "Had" imebeba jana, "get off" imebaki wazi. Kondakta akikataa kurudisha nauli: "He refused to pay us back." Sentensi za safari moja, na kanuni ni ileile tangu stendi.

Je, wajua kwamba kuna vitenzi vinavyomfukuza "to"? "Let" na "make". "The teacher let them go out." "The teacher made them sit down." Hakuna "to", na bado kitenzi cha pili hakina jana: si "made them sat down". Geuza sentensi, waliotendwa wawe mbele, na "to" inarudi: "They were made to sit down." "Let" haipendi kugeuzwa hivyo, Mwingereza atasema "They were allowed to go out". "Help" inakubali yote mawili, "helped her carry on" na "helped her to carry on".

Sauti nayo ina kanuni. Katika "gave up" na "turned it down", mkazo mzito hukaa kwenye kineno. Ukikazia "gave" na kumeza "up", Mwingereza atakusikia nusu. Watangazaji wa taarifa za Kiingereza ni walimu wazuri wa hili, na Arua ina Radio Pacis, kituo cha Kanisa Katoliki kilichoanza kurusha matangazo mwaka 2004 na kutuzwa na BBC mwaka 2007. Mpe mwanafunzi kalamu, asikilize taarifa moja, apige mstari kila anaposikia "out" au "up" ikitamkwa kwa nguvu.

Je, wajua kwamba kuna njia halali ya kuweka jana baada ya "to"? Ipo, lakini haipiti kwenye "gave". Inahitaji "have" na umbo la tatu. "He seemed to give up" ni kwamba wakati tulipomwona, alionekana anakata tamaa. "He seemed to have given up" ni kwamba tulipomwona alionekana amekwisha kukata tamaa kitambo. Kiswahili kingesema "alionekana anakata" na "alionekana amekata". Wanahabari wanaihitaji kila siku: "The chairman claimed to have turned down the offer." Darasa la saba linaweza kulijua hili bila kichwa kuuma, mradi lile la kwanza, "to" na umbo la asili, limekwisha kukaa.

La mwisho ni la vijana wa kompyuta, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Muni. "Login" ikiandikwa kwa pamoja ni jina: jina la mtumiaji, mlango wa kuingilia. Kitenzi ni "log in", maneno mawili. Hivyohivyo "setup" na "set up", "breakdown" na "break down". Mkazo wa jina uko mwanzoni, wa kitenzi uko kwenye kineno. Na wakati ukiingia unakipasua kitenzi pale penye nafasi: jana ni "logged in", kutaka ni "wanted to log in", na kushindwa ni "failed to log in". "Logined" si umbo sahihi, ingawa utaiona katika jumbe za simu kutoka Arua hadi Nairobi.